Februari Haikutoka Ikulu: Carter Woodson na Historia ya Watu Weusi wa Marekani

Mpwa wangu, aliye kidato cha tatu, alinitumia ujumbe wa sauti unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp kila inapofika Februari. Msemaji ana hasira. Anadai kwamba Wazungu wa Marekani walipobanwa wawape watu weusi mwezi wa kukumbuka historia yao, waliwapa Februari kwa makusudi, kwa kuwa ndio mwezi mfupi kuliko yote. Chini yake mpwa wangu ameandika: "Mjomba, ni kweli?"

Si kweli. Ila nilipokaa kumjibu niliona kwamba kubishania idadi ya siku ni kupoteza muda. Kinachopotosha katika ujumbe ule ni neno "waliwapa". Hakuna aliyewapa. Februari ilichaguliwa na mtu mweusi, mtoto wa wazazi waliozaliwa utumwani, mchimba makaa ya mawe aliyeingia sekondari akiwa na miaka kama 20. Aliichagua mwaka 1926, na rais wa kwanza wa Marekani kuutambua mwezi huo alikuja miaka 50 baadaye. Jina lake ni Carter Godwin Woodson, na ukiyaelewa maisha yake mkanganyiko mwingi unaozunguka jambo hili unafunguka wenyewe.

Kwanza tuyaweke sawa maneno. Wamarekani wanaposema "historia ya watu weusi" hawana maana ya historia ya bara la Afrika, ingawa inaanzia huku. Wanazungumzia watu wa asili ya Afrika waliovushwa bahari kwa minyororo, pamoja na vizazi vyao. Masultani wa Kilwa ni historia ya Afrika. Seremala wa Virginia aliyefanya vibarua vya usiku kwa miaka hadi akapata fedha za kujinunua kwa bwana wake, huyo ni historia ya watu weusi wa Marekani. Na utaliona sana neno "Negro" katika majina ya vitabu na vyama vya Woodson. Enzi zake lilikuwa neno la heshima, watu weusi wenyewe walilitumia. Leo linakera na limeachwa.

Neno la tatu ni "mwanahistoria". Wengi wetu tulitoka shuleni tukidhani ni mtu aliyekariri tarehe nyingi. Mfananishe zaidi na mzee wa baraza anayesikiliza kesi ya shamba. Hatosheki na maelezo ya mlalamikaji hata yawe matamu vipi. Anataka kuuona mpaka, anaita majirani, anauliza mwembe ule ulipandwa na nani, na kama kuna karatasi anataka kuishika kwa mkono wake. Kazi ya Woodson ilikuwa hiyo, na ugumu wake ulikuwa kwamba watu aliowatetea walinyimwa karatasi kwa sheria.

Alizaliwa tarehe 19 Desemba 1875 huko New Canton, Virginia, miaka kumi tu baada ya utumwa kukomeshwa. Baba yake, James Henry, hakujua kusoma. Shule ya kijijini ilifunguliwa miezi michache kwa mwaka na kazi za shamba zilitangulia, na waliomfundisha alifabeti walikuwa wajomba zake wawili, ndugu za mama yake, Anne Eliza. (Nimemkumbusha mpwa wangu hilo.)

Ujana ulimpeleka kwenye migodi ya makaa ya mawe ya kaunti ya Fayette, West Virginia. Hapo ndipo ninapopapenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya maisha yake. Mchimbaji mmoja mweusi, Oliver Jones, askari mstaafu wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vile vilivyokomesha utumwa, aliifanya nyumba yake mahali pa wenzake kula na kupumzika wakitoka shimoni. Jones hakujua kusoma, lakini alinunua vitabu na magazeti. Alipogundua kuwa kijana Carter anasoma, walipatana: wewe usome kwa sauti, mimi nikulishe bure. Basi jioni, wanaume wenye vumbi jeusi usoni wanakaa, kijana anasoma habari za siku, wao wanazijadili, na wengine wanasimulia vita walivyopigana kwa miguu yao. Miaka mingi baadaye Woodson aliandika kwamba hamu yake ya historia ya watu wake ilizidi kuwaka mezani pale.

Kati ya vitabu vya Jones kulikuwamo cha George Washington Williams kuhusu askari weusi wa vita vile. Jina hilo linajibu kosa lingine linalorudiwa, kwamba Woodson ndiye mtu mweusi wa kwanza kuandika historia ya watu weusi. Williams alikuwa ameshatoa historia kubwa ya juzuu mbili mwanzoni mwa miaka ya 1880. Tena ni mtu wa kutuhusu sisi tunaosema Kiswahili: mwaka 1890 alisafiri Kongo, akaupanda mto hadi Stanley Falls, ambako leo ni Kisangani, na kutokea huko akamwandikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji barua ya wazi akiutaja waziwazi ukatili wa utawala wake. Alifariki mwaka uliofuata. Woodson aliukuta moto umeshawashwa. Alichofanya ni kuujengea jiko ili usizimike kila aliyeuwasha anapokufa.

Masomo yake niyapitie haraka. Aliingia sekondari huko Huntington mwaka 1895 na kumaliza katika muda usiofika miaka miwili. Akafundisha, akawa mkuu wa shule ileile aliyosoma, akapata shahada katika Chuo cha Berea, Kentucky, mwaka 1903. Mwaka uliofuata jimbo hilo lilitunga sheria ya kuzuia weusi na weupe kusoma pamoja, kwa hiyo alipita mlangoni ukiwa karibu kufungwa.

Kisha akaenda Ufilipino, iliyokuwa koloni la Marekani, kufundisha na kusimamia shule. Huko aliona jambo ambalo alilisimulia hadi uzeeni. Walimu waliosoma vyuo vikubwa vya Marekani walikuwa wanashindwa kabisa kufundisha watoto wa Kifilipino. Vitabu vilivyoletwa kwa meli vilijaa matofaa ya nchi za baridi (apple) na theluji. Watoto waliimbishwa wimbo wa kutikisa mtofaa na hawakuwahi kuuona mtofaa. Akaja mtu aliyekuwa wa kampuni ya bima, hana cheti cha ualimu. Akaviweka vitabu pembeni, akajaza darasa vitu vya pale pale, na wimbo ukawa wa kutikisa mlomboy. Mlomboy ndio mti tunaouita mzambarau. Ilipofika historia hakuanza na George Washington, alianza na José Rizal, mzalendo wao aliyepigwa risasi na Wahispania mwaka 1896. Watoto wakafunguka. Sidhani kuna haja ya kumweleza kisa hiki Mtanzania au Mkenya ambaye babu yake alikaririshwa mito ya Uingereza kabla ya kuambiwa Rufiji au Tana inaanzia wapi.

Alirudi Marekani akapata shahada ya pili Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1908, na mwaka 1912 uzamivu wa historia Harvard. Mtu mweusi wa kwanza kupata uzamivu Harvard alikuwa W.E.B. Du Bois mwaka 1895; Woodson ni wa pili. Na ni Harvard hiyohiyo ambapo, kama alivyosimulia, alikuta profesa anayesema kwamba Weusi hawana historia.

Hapa ndipo penye fundo. Msomi anaposema watu fulani "hawana historia", hadai kwamba hawakuzaliwa wala kufa. Anachosema ni kwamba hakuna ushahidi wao kwenye rafu yake. Ni kama karani wa ardhi anayefungua daftari, halioni jina lako, anakwambia huna shamba. Shamba lipo, mihogo ipo, makaburi ya wazee wako yapo. Daftari ndilo halikukuandika, na ukichunguza utakuta aliyelishika alikuwa na sababu ya kutokukuandika. Tusidhani hiyo ni habari ya zamani sana. Mwaka 1963 mwanahistoria wa Oxford, Hugh Trevor-Roper, alisema kwamba katika Afrika kuna historia ya Wazungu tu na kilichobaki ni giza. Miaka miwili baadaye wanahistoria wa bara hili na wa nje walikutana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika kongamano la kimataifa la historia ya Afrika, wakiwa na ushahidi wao mkononi. Woodson alikuwa ameanza vita hiyo upande wa pili wa bahari nusu karne nyuma.

Wengine wangeandika kitabu kimoja cha hasira na kuishia hapo. Yeye aliamua kutengeneza rafu. Tarehe 9 Septemba 1915, katika jengo la YMCA la mtaa wa Wabash mjini Chicago, yeye na wenzake wachache walianzisha chama cha kuchunguza maisha na historia ya watu weusi. Januari 1916 akatoa toleo la kwanza la Journal of Negro History. Jarida la kitaaluma ni chombo ambacho makala haiingii mpaka mwandishi aonyeshe ametoa wapi kila anachodai, hivyo mpinzani hawezi kusema "hizo ni ngano". Fedha za kuanzia zilikuwa zake. Inasimuliwa kwamba alikopa dola 400 kwa dhamana ya bima yake ya maisha. Mwaka 1921 akaanzisha kampuni ya kuchapisha vitabu, kwa sababu wachapishaji wakubwa hawakuvitaka. Mwaka 1922 akanunua nyumba namba 1538, mtaa wa 9, Washington. Chini ofisi na bohari ya vitabu, ghorofa ya juu kitanda chake.

Na Februari je?

Mwaka 1926 chama kilitangaza Wiki ya Historia ya Weusi, wiki ya pili ya Februari. Sababu ilikuwa rahisi: katika wiki hiyo watu weusi wa Marekani tayari walikuwa na mazoea ya kukumbuka siku mbili za kuzaliwa. Moja ni ya Abraham Lincoln, rais wa enzi ya vita vilivyouvunja utumwa, tarehe 12. Nyingine ni ya Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani akawa msemaji mkubwa wa kuupinga, tarehe 14. Woodson alifanya kama anavyofanya mtu mwenye akili anayetaka mkutano wake ujae: aliuweka siku ambayo watu wanakusanyika hata bila yeye. Ila alitaka macho yahame kutoka kwa wakubwa wawili na kuwaangalia watu wengi wasiotajwa.

Tuishike kidogo hiyo tarehe 14. Douglass hakujua siku aliyozaliwa. Mtoto wa mtumwa alihesabiwa kama mali na mama yake hakupewa karatasi yoyote, kwa hiyo tarehe hiyo alijichagulia mwenyewe ukubwani. Moja ya nguzo mbili za Februari imesimama juu ya tarehe ambayo daftari lilikataa kuiandika.

Jambo lingine linaloeleweka vibaya ni matumizi ya wiki ile. Watu hudhani Woodson alitaka historia ya weusi ifundishwe siku saba kisha vitabu vifungwe. Ifikirie kama siku ya wazazi shuleni. Hakuna mwalimu anayefundisha kusoma siku ya wazazi. Siku hiyo mtoto anasimama mbele kuonyesha alichojifunza tangu Januari. Wiki ilikuwa ya kuonyesha mavuno ya mwaka mzima. Chama kilituma picha, michezo ya kuigiza na orodha za mada kwa walimu, na mwaka 1937 kikaanzisha jarida jepesi kwa ajili ya shule, kwa rai ya Mary McLeod Bethune, mwanamke wa kwanza kukiongoza chama hicho. Woodson alitumaini itafika siku wiki yenyewe haihitajiki.

Wiki ikawa mwezi kwa nguvu ya watu weusi wenyewe. Mwaka 1970 wanafunzi weusi wa Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio, waliadhimisha mwezi mzima. Mwaka 1976, Marekani ikitimiza miaka 200, Rais Gerald Ford aliutambua rasmi. Serikali ilifika kwenye sherehe ikakuta chakula kimeshaliwa kwa nusu karne. Wala si sikukuu ya mapumziko: ofisi zinafunguliwa, watu wanakwenda kazini. Uingereza wanao mwezi wao, Oktoba, tangu 1987, na Oktoba ina siku 31, kwa hiyo hoja ya mwezi mfupi inakwamia hapo pia. Wengine huchanganya mambo haya na Kwanzaa, sherehe ya Wamarekani weusi, kwa sababu ya maneno yetu ya Kiswahili yanayotumika humo, umoja, ujima, ujamaa, nia, imani. Kwanzaa ni ya siku saba kuanzia 26 Desemba, ilianzishwa na Maulana Karenga huko California mwaka 1966, na Woodson alikuwa amefariki miaka 16 kabla.

Hakuwa mtu mwepesi kuishi naye. Howard, chuo kikuu maarufu cha watu weusi, alidumu mwaka mmoja, akakosana na rais wa chuo, akaondoka. Wafadhili wakubwa, Carnegie na mfuko wa familia ya Rockefeller, walimsaidia miaka ya 1920. Baadaye akatakiwa akiunganishe chama chake na chuo kikuu kimoja, akakataa, na fedha zikakauka. Mimi naamini alikuwa sahihi, ingawa gharama yake ilikuwa kubwa. Kuanzia hapo walimu wa shule za msingi, makanisa na vikundi vya akina mama ndio waliokibeba chama kwa ada ndogondogo na kununua vitabu. Hakuoa. Kitabu chake kinachosomwa zaidi leo, The Mis-Education of the Negro cha mwaka 1933, kimejaa lawama kwa wasomi weusi waliofundishwa kuwadharau watu wao, na kisa cha mlomboy kimo humo. Alifariki nyumbani kwake mtaa wa 9 tarehe 3 Aprili 1950, akiwa na miaka 74, kazi ya ensaiklopidia ya watu weusi ikiwa bado haijakamilika.

Wapo wanaomlaumu kwamba aliigawa historia kwa rangi. Yeye mwenyewe alijibu mapema, mwaka 1927: tusisisitize historia ya Weusi, alisema, bali Weusi ndani ya historia, kinachotakiwa ni historia ya dunia isiyo na upendeleo wa taifa, chuki ya rangi wala ubaguzi wa dini. Na hakuwa mpiga debe wa kusifu tu. Mwaka 1924 alichapisha orodha ya watu weusi huru waliomiliki watumwa mwaka 1830, jambo ambalo mtu wa kujipendekeza angelifukia. Alilitoa hadharani akalieleza: wengi kati yao walikuwa waume walionunua wake zao, wazazi walionunua watoto. Virginia, kwa mfano, sheria ya 1806 ilimtaka aliyeachwa huru atoke jimboni ndani ya mwaka mmoja, hivyo mume aliona heri mkewe abaki "mali" yake kwenye karatasi kuliko afukuzwe.

Orodha hiyo ilitoka kwenye sensa. Hadi mwaka 1860, sensa za Marekani karibu zote ziliwahesabu watumwa bila majina: idadi, umri, jinsia, chini ya jina la bwana. Mwaka 1830 watu takribani milioni 2 waliandikwa hivyo. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja kwa majina, na Mmarekani mweusi anayetafuta mababu zake leo hugonga ukuta hapo. Lakini weusi waliokuwa huru waliandikwa, walau kichwa cha familia. Kwa kitabu kingine, Woodson akaamua kuwatoa wakuu wa familia hao wote kwenye daftari za 1830 na kuwapanga kwa mpangilio wa alfabeti.

Mwaka 1925 kijana aliyeajiriwa ofisini kwake alifungua mlango asubuhi, akafuta vumbi, akawasha tanuru, akafunga vifurushi vya vitabu, kisha akakaa kupanga majina hayo, kama 30,000, moja moja. Kazi ilimuumiza macho, akaiacha akaenda kuondoa vyombo mezani hotelini. Alikuwa Langston Hughes, ambaye muda mfupi baadaye alikuwa mshairi anayejulikana nchi nzima. Kitabu kilitoka mwaka huohuo, na hadi sasa watu wanaotafuta koo zao hukifungua.

Nilimtumia mpwa wangu picha ya ukurasa mmoja: jina, umri, idadi ya watu nyumbani, mstari chini ya mstari. Ujumbe wa sauti ameshausahau. Ameniuliza kwa nini baadhi ya majina ni moja tu, hayana la ukoo. Nimemwambia tutaongea akija likizo.